Amepooza, Lakini Hitilafu Iko Wapi? Utatuzi wa Udhaifu wa Misuli Usio wa Kuzaliwa Nao

Barua ya rufaa mara nyingi hubeba neno moja tu: "amepooza." Neno hilo ni sahihi, na hapo ndipo penye shida yake, kwa kuwa limebeba mambo mengi mno: kiharusi cha ghafla, uti wa mgongo uliobanwa na kifua kikuu cha mifupa, neva zilizoshambuliwa na kinga ya mwili, sumu ya dawa za mashambani, na hata upungufu wa potasiamu baada ya kuhara siku nne. Mwongozo huu unahusu magonjwa ya neva na misuli ambayo mtu hakuzaliwa nayo bali yamempata njiani. Umeandikwa kwa ajili ya tabibu wa zahanati na kituo cha afya, muuguzi wa wodi, na ndugu anayetaka kuelewa kwa nini mgonjwa wake anagongwa magoti kwa nyundo kabla hajapelekwa kupigwa picha.

Amri ya kuinua mguu huanzia ubongoni, hushuka kwenye uti wa mgongo, huingia kwenye neva, kisha huvuka upenyo mdogo kati ya neva na msuli kwa msaada wa kemikali iitwayo asetilikolini, na mwisho msuli hujikunja. Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi kati ya vituo hivyo amri imekwama. Jina la ugonjwa hufuata baadaye, na mara nyingi hujitaja lenyewe.

Anza na pumzi na koo

Magonjwa haya huua kwa njia mbili hasa: misuli ya kupumua huchoka, au mate na chakula huingia mapafuni kwa sababu koo limelegea. Yote mawili huja kimyakimya. Mgonjwa wa nimonia huhema na kuhangaika mbele ya macho yako, lakini yule ambaye misuli ya kifua imekosa nguvu hana hata nguvu za kuhangaika. Hukaa ametulia, akijibu kwa maneno mafupi mafupi, huku akikaribia kushindwa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho hupumbaza, kwa kuwa namba yake hubaki nzuri hadi mambo yameharibika. Anayesubiri namba hiyo ishuke ndipo aombe rufaa amechelewa.

Kipimo kisicho na gharama ni kuhesabu. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu, kisha huhesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Inafundishwa kwamba mtu mzima anayeshindwa kufika 20 apewe uangalizi wa karibu. Tahadhari yangu ni kwamba kiwango hicho kimetoka kwa watu wanaohesabu kwa Kiingereza, ambako namba ni fupi. Kwa Kiswahili, kuanzia "kumi na moja" hadi "kumi na tisa" kila namba ina silabi zisizopungua tano, na anayefika ishirini kwa pumzi moja amefanya kazi karibu maradufu. Mimi huwaambia wagonjwa wahesabu moja hadi kumi, warudie moja hadi kumi, kwa mwendo uleule, nami naandika walipoishia pamoja na saa. Kipimo hurudiwa kila baada ya saa mbili hadi nne, kwani kinachoamua ni mwelekeo: aliyefika nane ya mzunguko wa pili saa nne asubuhi, kisha saa nane mchana akaishia kwenye mbili, anahitaji gari la wagonjwa sasa hivi, hata kama anatabasamu.

Pamoja na kuhesabu, mwambie mgonjwa aliyelala chali ainue kichwa kutoka kwenye mto huku ukimsukuma paji la uso kwa kidole. Udhaifu wa misuli ya mbele ya shingo mara nyingi huenda sambamba na udhaifu wa kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumua. Kisha mpe kijiko kimoja cha maji akiwa ameketi. Akikohoa, sauti ikawa ya majimaji, au maji yakatokea puani, asipewe tena chochote kwa mdomo, dawa zikiwemo, hadi awekewe mpira wa kulishia. Hospitali yenye kipimo cha ujazo wa pumzi hujiandaa kumwekea mgonjwa mashine ya kupumulia ujazo huo ukishuka chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito. Safarini mgonjwa akae nusu wima, na awepo mtu anayejua kutumia mfuko wa kupumulishia kwa mkono.

Maswali ya nyumbani

Mgonjwa akisema "sina nguvu," usiandike hivyo na kuendelea. Mwulize ni kazi gani inayomshinda. Anayeshindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda au kwenye choo cha kuchuchumaa bila kushika ukuta, au anayelazimika kushusha mikono mara tatu kabla hajamaliza kusuka msuko mmoja wa mtoto wake, ana udhaifu wa mapaja na mabega, na hapo mawazo huelekea kwenye msuli wenyewe. Anayesema kandambili humtoka mguuni na yeye hajui hadi mtu amwite amwokotee, huyo amepoteza nguvu na hisia za mwisho wa miguu, nasi tunafikiria neva. Anayeanza kula nyama vizuri, akifika katikati ya sahani taya likachoka akalishika kwa mkono, au anayeona barabara moja asubuhi na barabara mbili ikikaribia magharibi, ana tatizo kwenye upenyo kati ya neva na msuli, ambako akiba ya kemikali huisha kadiri kazi inavyoendelea.

Uliza pia muda. Saa chache humaanisha sumu, nyoka, kiharusi au potasiamu. Siku hadi wiki nne huelekea kwenye ugonjwa wa Guillain-Barré. Miezi humaanisha mambo mengine kabisa.

Nyundo ikisema refleksi (mruko wa msuli unapogongwa) zimezidi

Goti likigongwa na mguu ukaruka kwa nguvu isiyo ya kawaida, misuli ikawa imekakamaa, na kidole gumba cha mguu kikapanda juu unyayo unapokwaruzwa, hitilafu iko ubongoni au kwenye uti wa mgongo, na sehemu iliyobaki ya mwongozo huu haimhusu mgonjwa huyo. Kama pia kuna mstari tumboni au kifuani ambao chini yake hasikii sindano, au mkojo umeziba, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo na inahitaji picha siku hiyo hiyo.

Ndugu mmoja wa kundi hili anastahili kutajwa kwa sababu ni wa kwetu na hupewa majina yasiyo yake. Konzo ni kupooza kwa ghafla kwa miguu yote miwili kunakowapata walaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa wakati wa njaa au ukame, pale watu wanapofupisha siku za kuloweka na mboga zenye protini zikiwa hazipo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na mlipuko wa Tarime mwaka 1985 ulichunguzwa kwa kina na madaktari waliokuwa Tanzania. Miguu hukakamaa, magoti hukaribiana, mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole; refleksi zimepanda na hisia ziko sawa. Hautibiki kwa dawa, lakini hauendelei kuzidi siku baada ya siku, na unazuilika jikoni: unga wa muhogo ukilowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili kabla ya kupikwa, sehemu kubwa ya sianidi hupotelea hewani.

Miguu kwanza, kisha mikono, ndani ya siku chache, na nyundo haileti kitu

Hii ndiyo sura ya ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa jina la Georges Guillain na Jean-Alexandre Barré, ambao pamoja na André Strohl waliwaeleza askari wawili wa Ufaransa mwaka 1916. Kwa kila watu 100,000 humpata mtu mmoja au wawili kwa mwaka. Kisa cha kawaida ni kuhara au mafua makali, kisha wiki moja hadi tatu za nafuu, kisha ganzi ya vidole na maumivu ya mgongo, na baada yake miguu huisha nguvu, udhaifu ukapanda kwenye mikono, na mara nyingi pande zote mbili za uso. Kinga ya mwili, iliyokuwa ikipigana na kijidudu kama vile kampilobakta, huchanganya utando wa neva na adui wake. Udhaifu hufika kileleni kabla ya wiki nne, kwa wengi ndani ya wiki mbili.

Maji ya uti wa mgongo huonyesha protini nyingi na seli chache, lakini wiki ya kwanza huweza kuwa ya kawaida kabisa. Majibu mazuri ya siku ya tatu yasimrudishe mtu nyumbani. Seli zikiwa zaidi ya 50, tafuta sababu nyingine, na kwa kila mgonjwa pima Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kujitokeza mapema katika maambukizi hayo na kuja na seli nyingi kuliko kawaida.

Tiba zilizothibitika ni mbili na hazishindani: imunoglobulini (kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya wachangiaji) kwa mshipa, gramu 0.4 kwa kila kilo kila siku kwa siku tano, au kubadilisha plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mara nne hadi sita. Kufanya zote mbili mfululizo hakuongezi faida. Zote ni ghali na hazipatikani kila mahali, jambo linaloleta kishawishi cha kumpa mgonjwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, "tuone." Steroidi zimejaribiwa katika ugonjwa huu na hazikusaidia, na kuzitoa ni kumwongezea mgonjwa sukari na maambukizi bila malipo yoyote. Madaktari wa Bangladesh waliripoti mwaka 2018 jaribio dogo la watu wazima 20 la kutoa plazima kidogo kidogo kwa vifaa rahisi vya kitandani, bila mashine kubwa. Lililenga usalama na uwezekano, nalo lilionyesha kwamba jambo hilo linafanyika. Nalitaja kwa sababu mazingira yao yanafanana na yetu kuliko yale ya hospitali za Ulaya.

Hata hivyo, kinachookoa maisha zaidi ni uuguzi. Robo hivi ya wagonjwa huhitaji mashine ya kupumulia, na wengi wao hupona wakivushwa kipindi hicho. Mapigo ya moyo na presha huweza kupanda na kushuka ovyo, na kumvuta makohozi kwa mpira kunaweza kuusimamisha moyo kwa sekunde kadhaa. Mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, macho yasiyofumba yapakwe mafuta ya macho na kufunikwa usiku, miguu iwekewe ubao isidondoke, na heparini itolewe kuzuia damu kuganda. Anayemwekea mpira wa kupumulia aepuke dawa ya kulegeza misuli iitwayo saksinilikolini, kwa kuwa huweza kuipandisha potasiamu kwa hatari. Na jambo ambalo wodi husahau: mgonjwa huyu anasikia kila neno. Hawezi kuzungumza, kukunja uso wala kunyanyua kidole, lakini akili yake ni timamu, na mazungumzo ya kitandani kwake kuhusu nani atalipa bili yanamfikia yote. Kubalianeni naye kukonyeza mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na kama kope hazifumbi, atumie kuangalia juu au chini.

Kabla ya kuridhika na jina hilo, ondoa wanaofanana nalo. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla lazima aripotiwe kama mshukiwa wa polio hata ukiwa na hakika si polio, na sampuli mbili za choo zichukuliwe ndani ya siku 14 tangu udhaifu uanze, zikipishana kwa saa 24 au zaidi. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi asilia vya polio Agosti 2020, lakini Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa, mlango haujafungwa. Uliza kuhusu kung'atwa na mbwa hata miezi iliyopita, kwa sababu kichaa cha mbwa kina sura ya kulegea isiyo na fujo wala kuogopa maji, na hapo homa na kuwashwa mahali pa jeraha ndivyo vinavyotoa fununu.

Pima potasiamu, siku hiyo hiyo. Kijana wa kiume aliyelala mzima, akaamka hawezi kujigeuza kitandani baada ya mlo mkubwa wa wanga, na ambaye kwa miezi moyo umekuwa ukimdunda na nguo zikimpwaya, huenda ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na potasiamu yake inaweza kuwa chini ya 2.5. Huyu husimama ndani ya saa chache akirudishiwa potasiamu kwa uangalifu, ila dripu ya glukosi, ambayo hutundikwa karibu kwa mazoea, humshusha zaidi.

Kope zinazoanguka jioni

Tuchukue fundi cherehani mwenye umri wa miaka 28. Asubuhi anatia uzi kwenye sindano bila shida. Alasiri kope la kushoto limeshuka hadi nusu ya mboni na uzi anauona mara mbili. Amebadilishiwa miwani mara mbili. Ameombewa. Jirani ameona analia. Siku ya mvua akapata homa, akapewa kwinini, na usiku huo akashindwa kumeza mate.

Ugonjwa wake ni miasthenia gravisi. Kingamwili zimeziba na kuharibu vipokezi vya asetilikolini kwenye msuli. Msuli ukijikunja mara ya kwanza unafanya kazi, mara ya kumi umechoka. Takriban asilimia 85 ya wenye ugonjwa ulioenea mwilini wana kingamwili hizo kwenye damu, na wachache wana aina nyingine inayoitwa MuSK, ambayo hupenda koo na shingo. Hisia ziko sawa, refleksi ziko sawa, mboni za macho zinaitikia mwanga. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoutenga na karibu kila kitu kingine.

Ili kuupima, mwambie aangalie juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili, nawe utazame kope zikishuka kama pazia. Kisha weka barafu iliyofungwa kwenye glavu juu ya kope lililofumbwa kwa dakika mbili. Kope likiinuka milimita 2 au zaidi, kipimo kimeitika, kwa sababu ubaridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Zahanati isiyo na maabara ya kingamwili huwa na barafu za boksi la chanjo, na moja isiyo na kazi siku hiyo inatosha. Hospitali kubwa huchochea neva kwa umeme mara mbili au tatu kwa sekunde na kutazama mwitiko ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10. Kila mgonjwa apigwe picha ya kifua ya CT kutafuta uvimbe wa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, unaopatikana kwa asilimia 10 hadi 15 yao.

Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa hospitali ya St Alfege's, Greenwich, aliona kwamba wagonjwa hawa wanafanana na watu walioingiwa na kurare, sumu inayolegeza misuli, akamchoma mmoja wao dawa inayotumika dhidi ya sumu hiyo, na kope likafunguka. Piridostigmini ya leo ni ya ukoo huohuo: kwa kawaida miligramu 60 mara tatu au nne kwa siku, nusu saa hivi kabla ya mlo ili taya na koo viwe na nguvu chakula kinapofika. Dawa hii hufunika dalili tu. Anayeendelea kudhoofu huhitaji prednisoloni, na hapa pana mtego: ikianzwa kwa dozi kubwa, wiki mbili za kwanza mgonjwa huweza kuzorota vibaya, kwa hiyo wa nje ya wodi aanzie dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Azathioprini huongezwa ili steroidi ipunguzwe, lakini huchukua miezi kuonyesha kazi yake. Kuondoa tezi ya thaimasi kwa upasuaji, hata pasipo uvimbe, kulithibitishwa mwaka 2016 katika jaribio la wagonjwa 126 wenye kingamwili za vipokezi: waliofanyiwa walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo. Pumzi ikianza kuisha, imunoglobulini au kubadilisha plazima hutumika kama katika Guillain-Barré. Dozi ya piridostigmini ikizidi nayo hudhoofisha. Mate mengi, kuhara, mboni ndogo na misuli inayocheza chini ya ngozi ndivyo vinavyotofautisha.

Nasema kwa uchungu kidogo kwamba mgonjwa wa miasthenia yuko hatarini zaidi kwenye dirisha la dawa. Jentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, kwinini, propranololi: hizi ndizo dawa zilizo karibu na mkono katika kila kituo, na kila moja inaweza kumfikisha kwenye mashine ya kupumulia. Malaria kali kwa sasa hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesunate, hivyo sababu ya kukimbilia kwinini imepungua sana. Maambukizi mengi ya kifua hutibika kwa amoksilini au seftriaksoni. Hatari kubwa kuliko zote iko wodi ya wazazi, ambako magnesiamu salfeti hutolewa, na ni sawa itolewe, kwa kila mama mwenye dalili za kifafa cha mimba. Kwa mama mwenye miasthenia dawa hiyo huweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo jambo hilo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki tangu hudhurio la kwanza, pamoja na onyo kwamba mtoto huenda akazaliwa amelegea kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kingamwili za mama. Fundi wetu apewe karatasi ya dawa hizo, aibebe kwenye pochi, na aitoe kila anapoulizwa anaumwa nini.

Kope zimeanguka ndani ya saa chache

Hapa tazama mboni. Zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, na mgonjwa ametokwa na mate, jasho, machozi na choo, fikiria viuatilifu vya oganofosfeti, iwe alivinywa kwa kukusudia au alikunywa kilichowekwa kwenye chupa ya soda juu ya kabati. Atropini huanzwa kwa miligramu 1 hadi 3 na dozi kurudufiwa kila dakika tano hadi mapafu yasikike makavu. Kukauka kwa mapafu ndiko lengo, na mboni zinazotanuka zisikufanye uache mapema. Wengi hulegeza ulinzi siku ya pili mgonjwa akiwa ameamka na kuongea. Kati ya saa 24 na 96 shingo huweza kushindwa kuinuka kutoka kwenye mto wa kulalia, kisha pumzi ikaisha, na udhaifu huu hausikii atropini. Kinachomvusha ni mashine ya kupumulia. Baadhi ya kemikali za jamii hii huleta ugonjwa wa tatu, wiki mbili au tatu baadaye, nyayo zikaanza kudondoka. Huko Meknes, Morocco, mwaka 1959 watu wapatao 10,000 walipata madhara ya namna hiyo baada ya kuuziwa mafuta ya kula yaliyochanganywa na vilainishi vya injini za ndege.

Mboni zikiwa kubwa na hazisinyai, mdomo mkavu, macho yana ukungu, na udhaifu unashuka kutoka usoni kwenda mikononi, ni sumu ya botulizimu, hasa ikiwa watu wawili waliokula chakula kimoja kilichohifadhiwa wanalalamika sawa. Homa haipo na akili iko wazi. Dawa yake ni kiuasumu maalumu kinachotolewa mapema, kwa kuwa huzuia sumu iliyobaki kwenye damu na hakirudishi nguvu zilizokwisha kupotea. Kwa sababu hiyohiyo ya botulizimu, mtoto asilambishwe asali kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Kope zikianguka baada ya usiku wa kulala chini au siku ya shambani, tafuta alama za meno. Fira na koboko huweza kufunga pumzi bila mguu kuvimba sana. Usifunge kamba wala kuchanja. Mlaze atulie, mwahishe kwenye kiuasumu cha nyoka na mashine ya kupumulia.

Kigoda kinamshinda, lakini vidole viko sawa

Udhaifu wa mapaja na mabega unaojijenga kwa wiki au miezi, hisia zikiwa sawa, huelekea kwenye uvimbe wa misuli unaoletwa na kinga ya mwili. Kimeng'enya cha kreatini kinezi kwenye damu hupanda, mara nyingine maradufu kumi. Vimeng'enya vinavyopimwa kwa ajili ya ini hupanda navyo, kwa kuwa msuli unavyo pia, na nimeona wagonjwa wakitibiwa ini kwa miezi bila mtu kuwaambia wasimame kutoka kwenye kiti. Aina yenye vipele vya ngozi huelezwa vitabuni kuwa na rangi ya zambarau kwenye kope na wekundu kwenye vifundo vya vidole. Kwenye ngozi nyeusi tazama weusi uliozidi au kijivu, na magamba. Kwa mtu mzima aina hiyo hudai kutafutwa saratani. Tiba huanza kwa prednisoloni ya miligramu 1 kwa kilo pamoja na azathioprini au methotreksati.

Mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu amedhoofu tena, swali ni kama ugonjwa umerudi au prednisoloni yenyewe imekula misuli. Kreatini kinezi ikiwa juu, ni ugonjwa. Ikiwa ya kawaida, shuku dawa. Tezi ya shingo, potasiamu, zidovudini (dawa ya Virusi vya Ukimwi) na statini (dawa za kushusha kolesteroli) zikaguliwe kabla ya kufikia kukata kipande cha msuli. Na kama mapaja ni dhaifu, mdomo mkavu, na refleksi iliyokosekana inarudi baada ya mgonjwa kukaza msuli kwa sekunde kumi, huo ni ugonjwa wa Lambert-Eaton. Zaidi ya nusu ya wanaoupata wana saratani ya mapafu, na picha ya kifua isisubiri.

Miezi, si siku

Udhaifu wa neva unaozidi kwa zaidi ya wiki nane, mapaja na nyayo kwa pamoja, nyundo ikiwa haileti kitu, ni binamu sugu wa Guillain-Barré, naye kinyume cha mwenzake husikia steroidi. Lakini wengi watakaokuja na nyayo zinazowaka moto hawana ugonjwa huo. Pima sukari kwanza. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi aulizwe kama anameza vitamini B6 pamoja nayo, na kama vidonge hivyo viliisha kituoni mwezi uliopita bila kurudishwa. Kisha, kabla ya kumtuma mtu kwenye kipimo cha umeme wa neva mji wa mbali kwa nauli ya kukopa, kunja kiwiko chake na upapase neva inayopita nyuma ya mfupa, ile inayotuma shoti mtu akijigonga. Ikiwa nene kama kamba ya katani na inauma, mvue shati mahali penye mwanga wa jua, utafute baka lililofifia, na uliguse kwa pamba akiwa amefumba macho. Asiposikia, ni ukoma. Vidonge vyake hutolewa bure, na neva inayouma huhitaji prednisoloni wiki hiyo hiyo, mkono ungali unaweza kufunga kifungo.